Kaya Niliyoiandikia Milo Mitatu

Kijijini kwetu huku Ipyana kuna wanaosema ni serikali iliyomwacha yule mama. Wengine wanamtupia mwenyekiti wa wakati ule, na kwa kuwa keshakufa hawezi kujitetea. Mimi huwa nanyamaza. Hadithi hiyo ikianza pale kwenye pampu ya maji, najifanya ndoo yangu imejaa, najitwisha, naondoka zangu. Aliyemwacha ni mimi. Nilimwacha kwa mkono wangu huu wa kulia, tena tumbo langu likiwa limejaa wali wake.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikieleza haraka nitajipendelea.

Mpango wa kaya maskini ulipofika kwetu mara ya kwanza, walitakiwa watu wa kupita nyumba kwa nyumba na madodoso ya karatasi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, mwandiko wangu unasomeka, na nilikuwa katibu wa akina mama kanisani, basi mkutano ukanichagua. Jamani, kichwa kilivimba! Nilipewa begi na kalamu mbili, nikawa natembea katikati ya barabara baiskeli zinikwepe. Mwezeshaji kutoka wilayani alitufundisha siku mbili katika darasa la chekechea, tumekunjamana kwenye vile viti vidogo. Alisema kaya itakayoonekana maskini kweli itapewa ruzuku kila baada ya miezi miwili, mradi watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Akasema pia kwamba mkuu wa kaya ndiye atakayejibu maswali, isipokuwa yale ya watoto, hayo aulizwe mlezi mwenyewe, yule anayewapikia.

"Na watu watawaficha," akatuonya. "Wapo maskini wenye aibu kuliko matajiri. Waambieni mficha uchi hazai."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilijiona najua watu wangu.

Nyumba yenyewe iko njia ya kushukia mtoni, matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyenifundisha kipaimara, na nilipokuwa binti aliwahi kunichapa fimbo za miguu kwa kucheka wakati wa sala. Mwanawe wa kiume wa mwisho kubaki hai alikuwa amekufa miezi saba kabla ya siku ile, baada ya kuugua muda mrefu, akaacha mjane na watoto watatu: binti wa miaka minane, mvulana wa miaka mitatu, na kachanga kalikokuwa bado kananyonya. Kijiji kizima kilijua ugonjwa ule ulivyoikausha nyumba. Shamba la mpunga lilikodishwa kwa mfanyabiashara kwa misimu mingi ya mbele, hela zikaishia hospitali. Mjane alikuwa anakwenda kupalilia mashamba ya watu, kachanga mgongoni.

Huyo mjane hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mkisi wa Matema, mtoto wa wafinyanzi wa vyungu, aliyeolewa huku kwetu kwa ng'ombe. Na kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia porini kumpisha. Haketi naye mahali pamoja, wala hazungumzi mbele yake. Siku hizi wapo wanaopeana hata mikono, eti wamestaarabika, lakini nyumba ile ilishika mila, na yule mama wa Kikisi aliishika kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa nayo. Mzee alikaa barazani, yeye jikoni nyuma ya migomba. Wakitaka kuambiana jambo walimtuma yule binti.

Mimi yote haya niliyajua. Mimi mwenyewe ni mke wa mtu, na marehemu baba mkwe wangu nilimkimbia miaka kumi na mitatu. Sikuwa mgeni wa kusingizia ujinga.

Nilifika asubuhi, jua limeshapanda. Nikapiga goti. "Mugonile, tata."

Akaniitikia vizuri, akaniulizia watoto, akaniulizia kakao. Halafu akaliangalia lile begi langu. "Nasikia mnaandika maskini," akasema. "Hapa umekuja kusalimia tu, au siyo?"

Nikacheka kicheko cha adabu. "Naandika kila nyumba, Baba. Ni utaratibu tu."

"Basi uliza."

"Mna ng'ombe?"

"Wawili. Si unawaona?"

Niliwaona. Nilijua pia kwamba mmoja ni wa mpwa wake na mwingine ni wa jirani aliyehamia Tukuyu. Yeye alikuwa anawatunza tu. Nikaandika: wawili.

"Shamba la mpunga?"

"Lipo." Kweli lilikuwepo, lingekwenda wapi? Nikaandika: lipo.

Nikafika kwenye maswali ya watoto. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga karatasi, nizunguke nyuma ya migomba, nimuulize mama yao. Ningeweza pia kumwomba mzee aende hata zizini mara moja. Sikufanya hata moja. Niliona aibu kumwambia mzee aliyenifundisha Amri Kumi kwamba nataka kusikia kwa mtu mwingine kama anasema kweli.

"Watoto wanakula mara ngapi kwa siku, Baba?"

Kabla hajajibu yule binti akatokea na maji ya kunawa, akapiga goti, akaninawisha. Akarudi na sahani ya wali na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga juu yake. Mzee akanyoosha shingo. "Kwangu hapa hajatoka mgeni na njaa," akasema. "Andika mara tatu."

Nikala. Mungu anisamehe, nilikula mpaka punje ya mwisho, maana nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na wali wa mpunga wetu mnaujua ulivyo ukiwa wa moto. Binti alisimama kando akiangalia sahani, nami nikamwona ana adabu. Adabu! Nikajifuta vidole kwenye kanga, nikaandika: milo mitatu.

Niliponyanyuka kuaga ndipo nikamwona mama mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi, amejibana upande ambao mzee hawezi kumwona. Akainua mkono akaniita. Nikageuka kama sikuona. Akaniita tena. Mara ya tatu macho yetu yakagongana, sikuwa na pa kukwepea, nikamwonyesha kiganja: subiri, nitarudi.

Wakati huohuo wingu lilikuwa linajikusanya juu ya milima ya Livingstone, na ngurumo imeanza. Nyumbani nilikuwa nimeanika kakao. Kakao ikinyeshewa inaota ukungu na mnunuzi anaitemea mate. Basi nikakimbia. Nikaifikia, nikaikunja na mikeka yake yote, na mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Nilikuwa na jioni nzima ya kurudi kule. Nilikuwa na kesho yake na keshokutwa. Kila nikikumbuka ule mkono nilijiambia kwamba ana lake dogo, pengine anataka nimletee chumvi. Siku ya tatu nikakabidhi madodoso ofisi ya kijiji.

Ulipofika mkutano wa kusoma majina, tulikutana kwenye ghala la zamani la mpunga. Mwezeshaji alisoma orodha taratibu, watu wakiguna au kupiga makofi. Ile kaya haikuwemo. Ingekuwemoje, na ng'ombe wawili, shamba, bati na milo mitatu? Akauliza, "Kuna kaya maskini tumeisahau? Semeni sasa, orodha ikifungwa imefungwa."

Mzee alikuwa amekaa mbele kabisa na wazee wenzake, kofia gotini. Mkwe wake alikuwa nje ya mlango wa nyuma, nyuma ya wanawake wote, kachanga mgongoni. Nilimwona anasogeza midomo. Nilimwona mwanamke mmoja anamsukuma kidogo begani, sema. Hakuweza. Angesemaje mbele ya baba mkwe wake, tena aseme kwamba nyumba ya baba mkwe wake ina njaa?

Mimi nilikuwa mezani, kalamu mkononi. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu. Lakini ningeisema, mtendaji angeniuliza, "Wewe si ndiye uliyeandika?" Nikainamisha kichwa nikajidai napanga karatasi. Orodha ikafungwa.

Nataka nieleweke hapa. Sikumchukia yule mama, na wala sikupokea soda ya mtu. Watu wakisikia habari za majina kukosewa wanadhani kuna rushwa. Laiti ingekuwa rushwa, ningejua pa kuitubu. Mimi nilijilindia heshima na kakao, basi.

Masika yaliyofuata mto ulifurika, vibarua vya kupalilia vikakosekana. Yule binti akaanza kukosa shule, siku mbili, siku tatu, mwalimu akalalamika kanisani. Baadaye nikasikia tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya kwamba mjane anarudi kwao Matema, akafinyange vyungu na mama yake, maana mikono yake inajua hiyo kazi tu ya kuleta hela. Akataka aondoke na watoto wote. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema hapana: ng'ombe walitolewa, watoto ni wa hapa. Kanakonyonya kaende na mama, hawa wawili wabaki kwa babu yao. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo kwetu, na hata mimi nikatikisa kichwa kukubali pale kwenye benchi la kwaya.

Alipita kwangu asubuhi akielekea barabarani, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Akanisalimia vilevile kama siku zote. "Umeamkaje, dada?" Nikamwambia ngoja, nikaingia ndani nikatoka na mkungu wa ndizi mbivu, nikamkatia vichane viwili. Ndizi! Mwanamke anaachanishwa na wanawe kwa maandishi yangu, nami namkatia ndizi. Akapokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, dada," asante sana, akaenda.

Yule mvulana alilia wiki mbili. Mama yake alikuja kumwona mara ya kwanza, mtoto akalia upya. Akaja mara ya pili, ikawa hivyohivyo, mtoto akagoma kula siku tatu. Shangazi zake wakamtumia ujumbe kwamba anamliza mtoto, apumzike kwanza mpaka azoee. Basi akapumzika. Akawa anatuma usipa mkavu na chungu kimojakimoja kwa wachuuzi wanaotoka ziwani, na mtoto akazoea. Watoto huzoea, hilo ndilo baya lao.

Ikapita miaka mitano. Katika miaka hiyo nilikuwa nawanunulia madaftari wale wawili. Binti alikuwa anapiga goti ananiambia "ndaga" kwa sauti ndogo, na kila "ndaga" ilinichoma ubavuni. Kuna kipindi nilianza kupita njia ya mbali ili nisikutane naye. Mume wangu akaniuliza mbona nazunguka, nikamjibu kwa ukali kwamba miguu ni yangu. Usiku huo sikumwomba msamaha, na yeye hakuuliza tena.

Kisha mpango ukaja na uandikishaji mpya. Safari hii hakuna karatasi, ni vishikwambi, na vijana wanavibonyeza kwa kidole gumba. Kamati ikanitaka nimwongoze kijana mmoja kutoka wilayani kwa sababu nazijua nyumba. Nilikataa. Mwenyekiti mpya akadhani najipandisha bei, akanibembeleza. Mwishoni nikakubali kwa sharti moja, kwamba nyumba ya kwanza nitaichagua mimi.

Tulimkuta mzee barazani palepale, lakini macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti. Nilipiga goti, na kabla kijana hajawasha kishikwambi mzee akasema, "Ng'ombe hakuna. Hata wale hawakuwa wangu. Andika kama ilivyo, mwanangu. Safari ile nilikudanganya."

"Nilijua, Baba," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kijana akaendelea na maswali yake, mzee akajibu yote bila kujificha, mpaka walipofika kwenye mlezi. Kishikwambi kilitaka jina la mama au mlezi anayeishi na watoto, ndiye atakayepokea fedha na kuhudhuria vikao vya walengwa. Kijana akamuuliza yule binti, sasa ana miaka kumi na mitatu, nani anawapikia hapa. Akajibu, "Mimi." Nani anamfulia mdogo wako? "Mimi." Akiugua nani anampeleka zahanati? Akaniangalia kwanza, kisha akasema, "Mimi." Kijana akasema samahani, mtoto hawezi kuwa mlezi, mfumo haukubali. Kyala, Mungu wangu! Mfumo ulikuwa na akili kuliko mimi. Mzee akasema basi mama yao aitwe.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka Matema. Sikumwambia mtu ninakwenda kufanya nini. Nilimkuta ufukweni nyuma ya nyumba ya mama yake, amepiga magoti mbele ya chungu kibichi, anakikwangua tumbo kwa kipande cha kibuyu. Alikuwa amekonda, nywele za pembeni zimeanza mvi, naye ni mdogo kwangu. Aliponiona alidhani nimeleta msiba. Nikamwambia hapana, wazima wote. Nikakaa mchangani, nikamweleza habari ya uandikishaji mpya, kwamba anahitajika, kwamba mzee mwenyewe amekubali. Halafu nikamweleza lililonileta.

"Siku ile uliniita," nikasema.

"Nilikuita mara tatu."

"Nilikuona tangu ya kwanza."

"Najua, dada. Ndiyo maana sikukuita mara ya nne." Aliendelea kukwangua. "Nilitaka kukwambia ule wali niliuomba kwa jirani nilipokuona unateremka njia. Baba alisema mgeni lazima ale. Watoto walikuwa hawajala tangu jana yake mchana. Nilitaka tu ujue hilo, uandike."

Nikaomba msamaha. Niliuomba vibaya, nikilia na kujieleza, kakao, mvua, aibu ya mzee, mpaka mama yake akatoka ndani akatuangalia akarudi. Yeye hakulia. Alikasirika, na nilimshukuru kwa hasira hiyo. "Unataka nikwambie si kitu?" akasema. "Ni kitu. Nimekosa meno ya mwanangu yakitoka, nimekosa akianza shule. Nitakuja kwenye huo mkutano, lakini siji kwa ajili yako. Nilishindwa kurudi nikawe mdomo wa kulishwa kwenye nyumba isiyo na chakula. Kama sasa kipo cha kuwapikia, nakuja kuwapikia."

Mkutano ulikuwa kwenye ghala lilelile. Aliwahi kufika na kusimama nyuma, kanga usoni. Yule binti alimwongoza babu yake mpaka kiti cha mbele. Majina yakasomwa, la kaya yao likiwemo, na mara mtu mmoja akanyoosha mkono. Alisema haki yake, simlaumu: huyo mama haishi hapa, ana miaka mitano Matema, mtu wa Matema ataandikwaje kwetu? Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Basi mwenyewe asimame atwambie, anarudi au harudi?"

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mama wa watu akatazama mgongo wa baba mkwe wake, midomo ikasogea bila sauti, yaleyale ya mwaka ule. Mwezeshaji akaanza kuangalia saa. Nikatoka nilipokuwa, nikapita katikati ya watu, nikapiga goti mbele ya mzee.

"Baba, nakuomba upishe kidogo nje, mkwe wako aseme."

Akanigeuzia yale macho yake. "Ndilo hilo tu?" akasema.

"Ndilo hilo tu, Baba."

Akainuka palepale, akamshika mjukuu wake bega, wakaanza kutoka. Hakununa wala kuona amedhalilishwa, kwani ndivyo mila ilivyo, mmoja anampisha mwenzake. Alipofika usawa wangu akasimama, akasema kwa sauti ya chini, lakini wa mbele walisikia: "Mbona siku ile hukuniambia? Ningekwenda zizini."

Miaka mitano nilikuwa najifariji kwamba mila ndiyo iliyonifunga mikono. Hata faraja hiyo akaondoka nayo.

Yule mama akaongea. Aliongea kidogo tu, sauti ikitetemeka mwanzoni kisha ikakaa sawa: anarudi, wanawe wako hapa, yule mdogo aliyemwacha Matema atakwenda kumchukua wiki ijayo. Mkutano ukapiga makofi, jina likapita.

Tulitangulia nyumbani mimi na yeye, maana mzee na binti walikuwa wanatembea polepole, na isingefaa akutane nao njiani. Tulipotokeza kwenye migomba tukamkuta mvulana uwanjani, ana miaka minane, miguu mirefu, amevaa shati la shule ijapokuwa haikuwa siku ya shule. Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri, mistari ya ufagio bado inaonekana.

Akatuona, akaja, akainama. "Shikamoo mama," akamwambia, kama tunavyomwamkia mwanamke yeyote. Kisha akaniamkia mimi.

"Marahaba," mama yake akasema.

Mtoto akaleta kigoda, akakifuta kwa kiganja, akamkaribisha. Akaingia jikoni akatoka na kikombe cha maji, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Amefundishwa na dada yake, na amefundishwa vizuri. Mama akanywa maji yote bila kupumzika. Nikafungua mdomo nimwambie mtoto huyu ni nani, mama yake akaniangalia mara moja, nikaufunga.

"Babu na dada wako mkutanoni," mtoto akasema. "Mnaweza kuwasubiri. Lakini msikae sana, leo mama yetu anakuja."

"Anakuja?" akauliza mama yake.

"Eeh. Dada amesema nisichafue uwanja. Amesema nivae shati."

"Limekupendeza. Uko darasa la ngapi?"

"La pili." Akaangalia njia, akamwangalia mgeni wake, akamwonea huruma nadhani, kwa jinsi alivyokuwa amekishikilia kile kikombe kitupu. "Ukitaka unaweza kumsubiri na wewe," akamwambia. "Sisi tumemsubiri siku nyingi."